Staring Hafangi? Soma Kwanza Stori ya Buck Jones, Karau wa Siri wa Muvi za Kaboi

Kuna sheria moja ya muvi ambayo kila mtoi wa Kenya anaijua kabla hata ajue kuandika jina lake: staring hafangi. Unaweza kumpiga risasi, umtupe kwa mto, umfunge kamba umlaze kwa reli, lakini dakika ya mwisho lazima ataamka, ajipanguse vumbi na amalize adui. Ukiwa ndani ya kibanda cha muvi na DJ Afro ameanza kupandisha sauti, huna haja ya kushikwa na presha. Staring ako sawa.

Leo tunakuletea stori ya staring mmoja ambaye hiyo sheria ilimkataa.

Anaitwa Buck Jones. Alikufa mwaka wa 1942, kwa hivyo hata susu wako kule Mukuyuni anaweza kukuambia hamjui. Lakini ukiwahi kuona muvi ya kaboi mwenye farasi mweupe, kofia kubwa na ngumi za maana, mwenye anaingia town akijifanya mtu mwingine halafu mwisho anatoa beji na kila mtu anashtuka, basi umekula matunda ya mti aliosaidia kupanda huyu jamaa. Zile muvi zake za mwisho, za makarau watatu wanaofanya kazi wakiwa wamevaa kiraia, zilitengenezwa kwa pesa kidogo na kwa haraka, na bado mashabiki wa kaboi wanazitafuta hadi leo.

Na vile maisha yake yaliisha, hapo ndio kuna funzo la kila mtu mwenye hupenda kutoka Jumamosi usiku. Tulia, usiruke hadi mwisho.

MTOI WA INDIANA MWENYE HARAKA

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Charles Frederick Gebhart. Alizaliwa tarehe 12 Desemba 1891 huko Vincennes, jimbo la Indiana, Marekani. Hiyo si nchi ya makaboi. Ni sehemu ya mashamba na mito, mbali sana na Arizona na Texas zenye alikuja kujifanya ametoka.

Mwaka wa 1907, akiwa bado kijana mdogo, aliamua shule na nyumbani hazimtoshi. Akataka jeshi. Umri haukuwa umefika, kwa hivyo mathe wake akatia sahihi karatasi yenye ilisema kijana ana miaka 18. Hapo unaona tayari: hata kabla aingie kwa skrini, msee alikuwa anaishi na kitambulisho chenye si cha ukweli kabisa.

Jeshi lilimpeleka Ufilipino, ambako Marekani ilikuwa inapigana na Wamoro, wale Waislamu wa visiwa vya kusini waliokataa kutawaliwa. Huko hakukuwa na risasi za kuigiza. Alijeruhiwa, akarudi Marekani, na mwisho wa 1909 akaachiliwa jeshini kwa heshima.

Akiwa raia alishikwa na ugonjwa wa magari. Alifanya kazi ya kujaribu magari kwa kampuni ya Marmon pale Indianapolis, wakati ambapo gari lilikuwa kitu kipya na dereva wa mbio alikuwa kama rapa wa siku hizi. Lakini mwaka wa 1910 akarudi jeshini tena, safari hii akiwa na ndoto ya kupaa angani. Ndege zilikuwa ndio zimeanza. Shida ni moja: rubani lazima awe ofisa, na yeye alikuwa askari wa kawaida tu. Mlango ukafungwa usoni. Mwaka wa 1913 akatoka jeshini kwa mara ya mwisho, mfukoni hakuna kitu cha maana, lakini jambo moja alikuwa analiweza kushinda watu wengi: kukaa juu ya farasi.

HARUSI MBELE YA MASHABIKI

Wakati huo huko Oklahoma kulikuwa na shamba kubwa la ng'ombe la familia ya Miller, linaitwa 101 Ranch. Hawa Miller waligundua kwamba kuna doo zaidi kwa kuonyesha makaboi kuliko kwa kufuga ng'ombe, wakaunda onyesho la kuzunguka miji, watu wakilipa kuona farasi, kamba, bunduki na vumbi. Charles akaingia hapo, mwanzo akishughulikia farasi, halafu akawa mmoja wa wapanda farasi wa kuonyeshwa.

Hapo ndipo alikutana na dame mmoja anaitwa Odille Osborne, wengi walimwita Dell. Dell hakuwa wa kukaa kando akipiga makofi. Alikuwa mpanda farasi mwenyewe kwa show. Wakapendana, lakini wote walikuwa wamesota. Hakuna pesa ya harusi. Wenye onyesho wakawaambia kama hamna pesa basi muoane hapa hapa ndani ya uwanja, wakati wa show, mashabiki wakiangalia. Mwaka wa 1915 wakafanya hivyo. Kwa hivyo wewe mwenye unafikiria harusi za kuonyesha watu zilianza na simu za kamera, pole sana. Hawa walimaliza hiyo maneno zaidi ya miaka mia iliyopita.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Ulaya, majeshi yalihitaji farasi kwa wingi, na farasi wa porini haendi vitani bila kufundishwa. Charles akapata kibarua cha kufuga farasi wa majeshi ya Uingereza na washirika wake. Halafu akazunguka na sarakasi. Halafu Dell akawa mjamzito, na kuzunguka mji hadi mji na mtoi si maisha. Wakaamua wakae mahali pamoja. Mahali penyewe: Los Angeles.

DOLA TANO KWA SIKU

Hollywood ya wakati huo ilikuwa inakula watu wa farasi kama vile soko la Gikomba linakula mitumba. Muvi za kaboi zilikuwa zinatoka kila wiki, na kila moja ilihitaji wasee wa kuanguka, kukimbia, kupigwa risasi na kuamka kwa tukio linalofuata. Charles alianza pale Universal kwa dola 5 kwa siku. Baadaye akaenda Fox, dola 40 kwa wiki, kazi ni kuanguka badala ya mastaa.

Pale Fox mfalme alikuwa Tom Mix, kaboi mkubwa zaidi duniani wakati huo. Tatizo la kuwa na mfalme mmoja ni kwamba siku moja ataomba nyongeza, na hautakuwa na jibu. Mwenye kampuni, William Fox, akaona dawa ni kutengeneza mfalme wa akiba. Akaangalia huyu kijana mrefu, mwenye taya imara na anayekaa kwa farasi kama amezaliwa hapo. Mshahara ukapanda hadi dola 150 kwa wiki. Mwaka wa 1920 ikatoka The Last Straw, muvi yake ya kwanza akiwa staring. Charles Gebhart akawekwa kabatini. Buck Jones akatoka nje.

Miaka ya 1920 ilimwendea fiti. Zilikuwa muvi za kimya, hakuna sauti, kwa hivyo mwili na macho ndio vilikuwa vinaongea. Tom Mix alikuwa wa mbwembwe, nguo za kumetameta na michezo ya kuruka ruka. Buck alikuwa tofauti. Yeye alivaa kama mtu mwenye kweli ameamka asubuhi kuchunga ng'ombe, na hakuona aibu kufanya watu wacheke. Farasi wake Silver akawa staa pia. Mwaka wa 1925 alicheza na msichana mdogo ambaye hakuna mtu alikuwa anamjua, Carole Lombard, ambaye baadaye akawa mmoja wa wanawake wakubwa zaidi Hollywood.

AKAANGUKA, TENA VIBAYA

Ukishashiba sifa, unaanza kujiuliza kwa nini mwingine ndiye anakula faida. Mwaka wa 1928 Buck alitoka Fox na kuanzisha kampuni yake mwenyewe. Akatengeneza muvi ya ndege inayoitwa The Big Hop. Unakumbuka ile ndoto ya jeshini ya kupaa? Ilirudi. Lakini wakati ule ule muvi zilikuwa zimeanza kuongea, na muvi ya kimya ilikuwa kama kuuza kanda za kaseti leo. Ikaanguka.

Hakukata tamaa. Akachukua pesa iliyobaki akaanzisha onyesho lake la farasi la kuzunguka miji, kama lile la akina Miller. Mwaka wa 1929. Huo ndio mwaka uchumi wa Marekani uliporomoka. Onyesho likakufa, na akiba ya miaka kumi ikaenda nayo.

Mwaka wa 1930, msee mwenye alikuwa mmoja wa makaboi waliolipwa sana alikubali kuanza upya pale Columbia kwa dola 300 kwa wiki, kipande kidogo tu cha kile alichokuwa anakula zamani. Wengine wa rika lake walikufa kisanaa hapo, kwa sababu sauti zao hazikulingana na sura. Ya Buck ililingana. Ilikuwa nzito, ya taratibu, ya mtu ambaye hana haja ya kupiga kelele. Watoi wakampenda kuliko hata zamani.

Miaka hiyo ya 1930 ndio Buck alikuwa mungu mdogo wa watoto wa Marekani. Kulikuwa na chama cha mashabiki chenye jina lake, Buck Jones Rangers, na watoi walikuwa wanavaa sare. Mwaka wa 1934 kampuni ya Daisy ikatoa bunduki ya hewa ya watoto yenye jina lake. Kwa Universal akacheza pia zile muvi za vipande, kila wiki kipande kimoja kinaishia pabaya ili urudi wiki ijayo. Kama unadhani kukuacha ukining'inia ni mambo ya siku hizi, hapana, hiyo biashara ni ya zamani.

WAKATI HUO HUO, UKAMBANI

Hebu tusimame kidogo, kwa sababu watu hupenda kufikiria stori za ng'ombe na serikali ni za Texas peke yake.

Wakati Buck alikuwa anarudisha ng'ombe za kuigiza kwa wenyewe kwenye skrini, hapa kwetu ng'ombe wa ukweli walikuwa wananyang'anywa. Mwaka wa 1938 serikali ya mkoloni ilianza kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ikisema ni wengi mno na wanaharibu ardhi. Muindi Mbingu, mtu wa Ngelani huko Machakos, akaongoza watu, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda hadi Nairobi na kupiga kambi Kariokor wakitaka kumuona Gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Lakini mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu ukaachwa. Ile barabara ya katikati ya Nairobi unayopita ukienda City Market, hilo jina si la bure.

Na ujue wakati huo hata muvi za kina Buck hazikuwa za kila mtu hapa. Mkoloni alikuwa na wakaguzi wa filamu, na kuna muvi ziliruhusiwa kwa Mzungu na kukatazwa kwa Mwafrika. Waliogopa mtu mweusi akiona vile staring anapiga watu wabaya, huenda akaanza kuuliza kwa kwake nani ndiye mtu mbaya. Baadaye magari ya sinema yakaanza kuzunguka masoko, kitambaa cheupe kinatundikwa, tangazo la sabuni, halafu muvi. Kwa hivyo kama familia yenu ni ya Mukuyuni, pale kwa barabara ya Machakos kwenda Wote, au upande wa Kitui, kuna uwezekano mkubwa mzee fulani wa nyumbani aliwahi kukaa chini kwa vumbi akishangilia mtu mwenye kofia bila kuelewa neno moja la anachosema. Haya, turudi kwa Buck.

MAKARAU WATATU WA SIRI

Mwisho wa miaka ya 1930 upepo ulibadilika. Gene Autry alikuja na gitaa, na ghafla kila mtu alitaka kaboi mwenye anaimba. Buck hakuwa wa kuimba, na hakuficha kwamba hakuipenda hiyo staili. Kazi ikapungua. Mwaka wa 1940 alikubali kucheza kama sherifu mfisadi katika Wagons Westward. Kumwona Buck Jones upande wa wabaya ilikuwa kama kumwona mwalimu wako wa Jumapili akipigana kwa baa. Watu hawakupenda.

Hapo ndipo rafiki yake wa siku nyingi, mtayarishaji Scott Dunlap, alikuja na wazo pale Monogram Pictures. Monogram haikuwa kampuni kubwa. Ilikuwa kwenye kundi la zile kampuni ndogo za Hollywood ambazo watu waliziita za upande wa masikini. Wakati huo ukilipa tiketi ya sinema ulikuwa unaona muvi mbili: moja kubwa ya mastaa, na nyingine ya bei rahisi ya kujaza muda. Monogram ilikuwa inauza hiyo ya pili. Muvi ya lisali moja hivi, inapigwa haraka haraka, vilima ni vile vile, nyumba za town ni zile zile, na ukiangalia kwa makini hata farasi wa majambazi unawatambua kutoka muvi ya mwezi uliopita.

Dunlap hakuwa na pesa ya kununua kijana mpya wa moto. Akafanya kitu cha akili: akachukua mastaa watatu wakongwe na kuwaweka pamoja. Buck mwenyewe. Tim McCoy, mwenye alikuwa ofisa wa jeshi wa ukweli na mwenye macho makali ungeapa anasoma mawazo yako. Na Raymond Hatton, mzee wa kuchekesha. Wote walikuwa wanakaribia au wamepita miaka 50. Kundi likaitwa Rough Riders, na muvi ya kwanza, Arizona Bound, ikatoka 1941.

Stori ni hii. Wao ni maafisa wa serikali, lakini hawaingii town pamoja. Kila mmoja anakuja kivyake, akijifanya mtu mwingine, na wakikutana barabarani wanapitana kama hawajuani. Fikiria mnasumbuliwa na wezi wa ng'ombe hapo Mukuyuni. Jumatatu anaingia mhubiri mgeni na spika yake sokoni. Jumanne anaingia mnunuzi wa ng'ombe mwenye maneno mengi. Jumatano anaingia jambazi mwenye sura ya kutafutwa, na wezi wanamkaribisha wakidhani ni mwenzao. Hakuna mtu anajua hao watatu ni mbogi moja. Mhubiri anasikia siri za watu, mnunuzi anajua bei na nani anauza mali ya wizi, jambazi ako ndani kabisa na wakubwa. Siku ikifika, mtego unafungwa kutoka pande tatu.

Ndio hivyo kabisa. Katika Arizona Bound McCoy ndiye anakuja kama mhubiri. Katika The Gunman from Bodie, ya mwaka huo huo, Buck anaingia kwa ngozi ya jambazi anayetafutwa, na Hatton anajificha jikoni kama mpishi wa shamba. Katika hiyo hiyo Buck anakuta mtoto mchanga ndani ya nyumba yenye wazazi wameuawa, na unaona mzee mwenye bunduki akihangaika na mtoto mikononi. Hapo unaelewa kwa nini watu walimpenda. Hakuwa anaigiza ubabe peke yake. Pia alikuwa na kaishara kake: akiweka chingamu mdomoni, jua mtu fulani anaelekea kuchapwa.

Siri ya kufanya hizi muvi zidumu si pesa, kwa sababu pesa haikuwa. Ni ule utamu wa wewe mtazamaji kujua kitu ambacho adui hajui. Unajua yule mhubiri si mhubiri. Unakaa pale roho juu ukingoja siku beji itatoka. DCI Kenya wakipost vile majasusi wao waliingia mahali wakijifanya wateja, wewe husoma hadi mwisho kwa sababu hiyo hiyo.

Na kila muvi ilikuwa inaisha kwa njia moja. Kazi imekwisha, watatu wanakaa kwa farasi zao, wanaagana, halafu kila mmoja anashika njia yake: Buck Arizona, McCoy Wyoming, Hatton Texas. Hakuna mtu anabaki kula sifa. Walitoa nane za hivyo kati ya 1941 na 1942. Halafu Marekani ikawa vitani, McCoy akarudi jeshini, na kundi likavunjika. Buck na Hatton wakapiga moja bila yeye, Dawn on the Great Divide. Baada ya hiyo Buck akafunga safari ya kuzunguka miji, kukutana na mashabiki, kusukuma muvi na kusaidia kuchangisha pesa za vita.

JUMAMOSI USIKU, BOSTON

Tarehe 28 Novemba 1942, Jumamosi. Buck ako Boston. Mchana kulikuwa na mechi kubwa ya kandanda ya Kimarekani na mji ulikuwa umejaa. Usiku watu wa biashara ya sinema wakamwandalia karamu kwa klabu moja iliyokuwa inavuma, Cocoanut Grove. Dunlap alikuwa naye mezani.

Klabu ilikuwa na kibali cha watu 460. Usiku huo ndani kulikuwa na watu kama 1,000. Ilikuwa imepambwa kama pwani ya nchi za joto: minazi ya bandia, vitambaa kwa dari, taa hafifu. Kila pambo lilikuwa la kushika moto.

Kama saa nne na robo usiku, moto ulianza kwa baa ya chini ya ardhi, pale kwa minazi ya bandia. Ndani ya dakika chache ulikuwa umepanda ngazi na kuingia ukumbi mkubwa. Taa zikazima. Watu wakakimbilia mlango wenye waliingilia, na huo mlango ulikuwa wa kuzunguka. Wakisukuma pande zote mbili, hauendi mbele wala nyuma. Ukakwama, na watu wakalundikana. Milango mingine ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mingine ilikuwa inafunguka kwa ndani, na umati ukishaegemea mlango wa hivyo, hakuna mtu wa kuuvuta.

Watu 492 walikufa. Buck alitolewa akiwa hai, ameungua vibaya. Alikufa hospitalini tarehe 30 Novemba, siku mbili baadaye. Alikuwa na miaka 50, na siku 12 zilikuwa zimebaki afikishe 51. Dunlap aliumia sana lakini alipona. Dawn on the Great Divide ilitoka Desemba, na watoi waliingia sinema kumwona staring wao akishinda tena, wakijua hayuko.

UONGO MTAMU

Sasa sikiza hii. Baada ya mazishi stori ikaanza kuzunguka kwamba Buck alikuwa ameshatoka nje salama, halafu akarudi ndani ya moto mara kadhaa kuokoa watu, na ndiyo maana akafa. Watu wa kampuni yake waliisambaza, magazeti yakaibeba, na imerudiwa miaka na mikaka. Hadi leo utaikuta.

Ni stori tamu, lakini wenye walichunguza huo moto hawakupata ushahidi wake. Buck alikuwa mgeni wa heshima aliyekaa ndani kabisa, mbali na njia, na moto ulikuja haraka kuliko mtu yeyote alivyoweza kufikiria. Alinaswa kama walivyonaswa wengine.

Inaeleweka kwa nini watu waliutaka huo uongo. Staring hafangi, na kama lazima afe basi afe akiokoa mtu. Lakini shida ya uongo wa hivyo ni kwamba unafanya uangalie shujaa badala ya kuangalia mlango. Ukiambiwa Buck alikufa kwa ushujaa, unalia kidogo na kwenda nyumbani. Ukiambiwa alikufa kwa sababu mtu alifunga milango na kujaza watu mara mbili ya kibali, unauliza ni nani huyo. Mwenye klabu, Barney Welansky, alihukumiwa jela kwa kuua bila kukusudia. Sheria zikabadilika: mlango wa kuzunguka lazima uwe na milango ya kawaida kando yake, milango ya dharura ifunguke kwa nje, taa za dharura ziwepo, na njia ya kutokea ionekane hata gizani. Madaktari wa Boston nao walijifunza mengi usiku huo kuhusu kutibu watu walioungua.

Ukambani tunajua hii maneno vizuri kuliko tungependa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Kyanguli, Machakos, lilishika moto. Wanafunzi 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Hiyo ilikuwa miaka 58 baada ya Boston. Funzo lilikuwa limeandikwa tayari, kwa majina ya watu 492, na bado halikuwa limefika kwa yule mtu mwenye ufunguo.

KABLA UAGIZE CHOCHOTE

Buck Jones alicheza muvi zaidi ya 160. Kwa nyingi alikuwa mtu mwenye anajua jambo ambalo wengine mle ndani hawalijui: nani ni nani, adui amejificha wapi, na mlango wa nyuma uko upande gani. Ile moja ya ukweli, hakuna mtu alimwonyesha.

Kwa hivyo wikendi hii ukitoka na mbogi, iwe ni klabu ya Nairobi, baa ya Wote au disko la Krisi kule Mukuyuni, fanya kazi kidogo ya karau wa siri. Kabla uagize chochote, kabla upige picha, zunguka kama mtu anayetafuta choo. Hesabu milango. Angalia kama ile ya nyuma inafunguka, na inafunguka kwa nje au kwa ndani. Ukikuta kufuli, usione aibu kuuliza. Wakikucheka, toka uende mahali pengine, kila mtu ashike njia yake kama Rough Riders.

Staring hafangi ni ya muvi. Huku nje ni mlango.